Kuwaombea Wapalestina usharikani: jibu kwa katibu wa vijana

Swali

Shikamoo Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa vijana katika usharika mmoja wa Kilutheri. Tuliliomba baraza la wazee ruhusa ya kufanya ibada ya kuwaombea Wapalestina. Mzee mmoja akasimama na kusema hayo ni mambo ya Waislamu, tena Biblia imesema anayeilaani Israeli atalaaniwa. Kwa upande mwingine, vijana wenzangu wanaona maombi hayatoshi, wanataka maandamano na kususia bidhaa. Mchungaji hakukataa wala hakukubali, ametuagiza tulete maelezo ya maandishi. Naomba kujua makanisa na watu wa dini kwingine wanafanyaje, na sisi tulio mbali tufanye kipi ambacho si kelele tu.

Jibu

Marahaba mwanangu, Amina. Nimecheka kidogo kusoma habari za mzee wenu, maana nimekutana naye katika kila usharika nilikoalikwa kufundisha. Sura hubadilika, hoja ni ile ile. Nakuomba usimfanye adui wa jambo lenu. Huyu ameimba Sayuni na Yerusalemu tangu meno ya utoto hayajang'oka. Asubuhi anasikia "Israeli" ikisomwa madhabahuni, saa mbili usiku anasikia "Israel" kwenye taarifa ya habari, na hakuna aliyewahi kukaa naye kumwambia kwamba jina moja limebeba vitu vitatu: wana wa Yakobo tunaowasoma katika Biblia, Wayahudi walioko leo duniani kote wenye mawazo mbalimbali kama watu wengine, na dola iliyotangazwa Tel Aviv tarehe 14 Mei 1948. Ahadi ya Mwanzo 12:3 aliambiwa Abramu. Paulo katika Wagalatia 3 anaipeleka kwa wote walio wa Kristo. Kuuliza dola fulani inafanya nini na mashamba ya watu si kumlaani Abramu, kama vile kuikosoa bajeti ya serikali yetu si kuilaani Tanzania.

Ila usishindane naye mstari kwa mstari. Mashindano hayo hayana mwisho, nayo huwafanya watu wakomae palepale walipo. Mwambie afungue Matendo ya Mitume, sura ya 2, siku ya Pentekoste, asome orodha ya waliosikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha zao. Waliomalizia orodha ni "Wakrete na Waarabu". Kisha muulize neno "kanisa" tumelitoa wapi. Ni la Kiarabu. Injili, Masihi, madhabahu, sala, yote hayo yalikuwa vinywani mwa Wakristo wa Kiarabu karne nyingi kabla meli ya kwanza ya wamisionari haijatia nanga pwani kwetu. Mzee anawasalimia kwa lugha yao kila Jumapili na hana habari.

Mwaka 2013 nilihudhuria ibada ya Jumapili katika kanisa la Kilutheri mjini Bethlehemu. Kinanda kikaanza tuni niliyoijua tangu kipaimara. Maneno sikuyapata, lakini pumzi niliijua inakatwa wapi. Ilipofika Sala ya Bwana wakaanza "Abana alladhi fi s-samawat", nami nikasikia "samawati" na nikajua tuko mbinguni, kwenye "Baba yetu uliye mbinguni". Mungu wanamwita Allah, kwa kuwa Kiarabu hakina neno jingine la kawaida la Mungu. Mama mmoja niliyesafiri naye alishtuka akanishika mkono: "Mwalimu, hawa ni wenzetu kweli?" Ni wenzetu kiasi kwamba kanisa lao limo katika Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani pamoja na letu. Ni dogo, sharika sita tu: Yerusalemu, Bethlehemu, Beit Jala, Beit Sahour, Ramallah, na moja Amman huko Jordan. Jimbo lenu pekee bila shaka lina sharika nyingi kuliko hizo. Hata hivyo askofu wake wa wakati ule, Munib Younan, aliliongoza Fungamano zima kama rais kuanzia 2010 hadi 2017.

Wakristo ni wachache sana miongoni mwa Wapalestina. Gaza kabla ya vita walikuwa kama elfu moja tu. Tarehe 19 Oktoba 2023 shambulio la anga la Israeli lilibomoa jengo katika eneo la kanisa la Kiorthodoksi la Mtakatifu Porfirio, walimokuwa wamejihifadhi, likaua watu 18. Hospitali ya Al-Ahli mjini Gaza, ambayo jina lake ulilisikia sana wakati ule, ni ya Waanglikana wa dayosisi ya Yerusalemu. Basi mzee akisema "mambo ya Waislamu", ana haki kwa sehemu kubwa, kwani wengi wa waliokufa ni Waislamu, nao ni watu wa Mungu. Lakini asiseme hatuna ndugu pale.

Sasa maelezo ya mchungaji. Mimi ningeyaanzia Dar es Salaam, wala si Gaza.

Juni 1977 Fungamano lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam. Hapo ndipo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alipochaguliwa kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Na hapo ndipo mkutano ulipotamka jambo ambalo wanateolojia bado wanalirudia: kwamba katika siasa Wakristo wanaweza kutofautiana kwa kawaida na wakabaki kanisa moja, lakini ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ulikuwa umefika mahali pa kugusa ukiri wa imani wenyewe. Makanisa ya wazungu kusini mwa Afrika yakatakiwa kuukataa hadharani. Miaka saba baadaye, Budapest, mawili kati yao yalisimamishwa uanachama kwa kuwa yalishindwa kufanya hivyo. Mzee wenu huenda alikuwa kijana wa umri wako wakati huo. Muulize kwa heshima kama siku zile usharika ulisema Afrika Kusini ni mbali.

Nakutajia hilo kwa sababu uzi wake haukukatika. Mwaka 1985 wanateolojia wa Afrika Kusini, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari, walitoa waraka walioupa jina la Kairosi, yaani wakati uliotimia. Desemba 2009, mjini Bethlehemu, Wakristo wa Kipalestina wa madhehebu mbalimbali walitoa waraka wao kwa jina lilelile. Miongoni mwa walioutunga ni Michel Sabbah, aliyekuwa Patriaki wa Kilatini wa Yerusalemu, yaani mkuu wa Wakatoliki wa huko, na mchungaji wa Kilutheri Mitri Raheb. Unasema kukaliwa kwa ardhi yao ni dhambi dhidi ya Mungu na dhidi ya binadamu. Unasema Mkristo ana wajibu wa kupinga uovu huo, ila upinzani wake uendeshwe na upendo, umwone hata adui kuwa ana sura ya Mungu. Unayaomba makanisa ya dunia yasitumie Biblia kuhalalisha dhuluma, na unataja kususia na kuondoa mitaji kama njia zisizo za vita. Kisha unatoa mwaliko mfupi ambao nitaurudia baadaye: njooni mwone.

Je, Palestina ni sawasawa na Afrika Kusini ya wakati ule? Waliosema ndiyo kwa sauti kubwa ni Waafrika Kusini wenyewe. Kanisa la Anglikana la kusini mwa Afrika lilitumia neno apathaidi Septemba 2023, kabla vita vya Gaza havijaanza, na kamati kuu ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni ikalitumia Juni 2025 ilipokutana Johannesburg. Makanisa ya Ujerumani yanalikwepa, kwa sababu ya historia yao wenyewe na Wayahudi. Maoni yangu ni kwamba usharika hauhitaji kumaliza mjadala wa neno hilo ndipo upige magoti.

Umeuliza wengine wanafanyaje. Nitakaa kidogo kwenye kazi moja niliyoiona kwa macho, nyingine nizipitie haraka.

Mwaka 2002 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, likiitikia ombi la wakuu wa makanisa ya Yerusalemu, lilianzisha mpango wa wasindikizaji. Watu wa kawaida, walimu wastaafu, wauguzi, wachungaji, vijana waliomaliza chuo, walikuwa wakienda kwa miezi mitatu na kuishi katika miji na vijiji vya Ukingo wa Magharibi. Walivaa vizibao vyenye alama ya njiwa, na kazi yao kubwa ilikuwa kuwapo. Asubuhi moja ya 2013 niliamka saa tisa usiku kufuatana na wawili kati yao hadi kizuizi kikubwa cha ukaguzi cha Bethlehemu, kinachoitwa 300. Ukuta uliojengwa na Israeli pale una kimo cha mita nane. Chini yake palikuwa na ujia wa vyuma kama ule wa kuogeshea ng'ombe, na ndani yake maelfu ya wanaume wenye vibali vya kufanya kazi upande wa pili, wengine wameshika mkate na kijaluba cha zaatari, viungo vya kulia mkate. Msindikizaji mmoja, mama wa makamo kutoka Skandinavia, alikuwa na kidude cha kuhesabia mkononi. Kila mtu aliyepita geti la kuzunguka, kidude kikalia tik. Mwenzake aliandika saa geti lilipofunguliwa, lilifungwa kwa dakika ngapi, wazee wangapi walirudishwa. Basi. Hakupiga kelele, hakubeba bango. Takwimu zile zilikwenda kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa na kwa makanisa ya kwao. Nilimuuliza kama inabadilisha kitu. Akasema akiwapo, askari huwa na adabu zaidi, si kila siku lakini siku nyingi. Kisha akarudi kwenye tik zake. Tangu Oktoba 2023 vibali vya wengi wa wanaume wale vilifutwa, na familia zao zinaishi kwa madeni.

Wasindikizaji wana kanuni ambayo ningependa muibandike kwenye ofisi ya vijana: hawapendelei upande wowote kati ya watu hawa wawili, lakini katika haki za binadamu na sheria za kimataifa hawako katikati. Kwa hiyo hukutana pia na Waisraeli wanaotafuta amani, na wana wajibu wa kuhuzunika kwa kila aliyeuawa. Msidhani hilo linawanunulia urafiki wa serikali ya Israeli. Desemba 2016 Isabel Phiri, mwanateolojia kutoka Malawi aliyekuwa naibu katibu mkuu wa Baraza, alizuiwa uwanja wa ndege akarudishwa, huku wenzake wa msafara uleule wakiingia.

Mwezi Oktoba na Novemba ni mavuno ya mizeituni, nako kuna msindikizo wa aina nyingine. Turubai hutandikwa chini ya mti, watu huchana matawi kwa vichanuo vya mkono, na zeituni zinanyesha. Kwa wakulima walio karibu na makazi ya walowezi wa Kiisraeli ni msimu wa hofu: miti hukatwa, watu hupigwa. Huko utawakuta Marabi kwa ajili ya Haki za Binadamu, chama cha marabi wa Israeli kilichoanzishwa mwaka 1988, wamepanda ngazi wanavuna pamoja na wakulima Waislamu. Hilo ni jibu jingine kwa mzee na vilevile kwa vijana wenu wenye hasira, wanaosema "Wayahudi" pale wanapomaanisha serikali. Tarehe 27 Oktoba 2023 maelfu ya Wayahudi wa Marekani walijaza ukumbi wa stesheni kuu ya treni ya New York wakidai vita visitishwe, mamia wakakamatwa. Walisema hayafanywi kwa jina lao.

Makanisa tajiri yana silaha ambayo sisi hatuna: hisa. Wapresbiteri wa Marekani walipiga kura mwaka 2014 kuuza hisa zao katika kampuni tatu, Caterpillar, Hewlett-Packard na Motorola Solutions, kwa sababu vifaa vyao vinatumika katika kuikalia ardhi ile. Kura zilikuwa 310 kwa 303. Tazama tofauti: kura saba, baada ya miaka kumi ya mabishano. Februari 2024 maaskofu wa kanisa la Wamethodisti Weusi wa huko, AME, waliitaka serikali yao iache kuifadhili Israeli. Na Papa Fransisko, ambaye hakukosa nguvu ya kutoa matamko, alichagua pia kitu cha bei nafuu: simu. Tangu Oktoba 2023 hadi siku chache kabla hajafariki Aprili 2025, karibu kila jioni aliipigia parokia ya Familia Takatifu mjini Gaza kuwauliza wamekula nini. Kati ya yote niliyoyataja, hilo ndilo usharika wa kijijini unaweza kuliiga bila kamati.

Turudi kwenu. Vijana wanataka kususia bidhaa. Sitawakataza, dhamiri ni ya kila mtu. Ila kabla ya kugombana juu ya soda, ulizeni fedha yetu halisi inafika kule kwa njia ipi. Jibu ni hija. Kila mwaka Wakristo kutoka Tanzania, Kenya na Uganda hujinyima, huuza ng'ombe, huweka akiba kwenye vikundi, waione Nchi Takatifu. Mara yangu ya kwanza nilienda hivyo, nikiongoza kundi, na wakala ambaye simtaji alikuwa ametupangia kila kitu. Tulilala siku zote upande wa Israeli. Bethlehemu tulipewa saa moja na nusu: kuinama kwenye ule mlango mfupi wa Kanisa la Kuzaliwa, foleni ya kushuka pangoni, kugusa nyota ya fedha, duka moja la vinyago, basini. Mwongozaji alituonya tusitembee mjini. Tulirudi nyumbani na maji ya Yordani kwenye chupa, hatujazungumza na Mkristo hata mmoja anayeishi pale. Petro anaandika juu ya mawe yaliyo hai, nasi tulipiga picha yaliyokufa. Mpaka leo naona aibu.

Kwa hiyo hili liandikeni kwenye maelezo yenu kama ombi kwa dayosisi: kundi lolote la hija linalobeba jina la kanisa lilale walau usiku mbili Bethlehemu au Beit Sahour, litumie mwongozaji Mpalestina, lisali Jumapili na usharika wa pale, na vinyago vya mzeituni linunue kwa mafundi wenyewe. Mji ule unaishi kwa wageni, na walipokosekana tangu Oktoba 2023 hoteli na karakana zilifungwa. Familia za Kikristo ndizo zilizoumia sana katika biashara hiyo, na ndizo zinazohama. Njooni mwone, walisema. Tukienda bila kuona, nauli yetu inasaidia kuwafuta.

Maandamano je? Kwa sheria zetu mkusanyiko wa hadharani unahitaji taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo saa 48 kabla, na mnajua wenyewe majibu huwaje. Ibada ndani ya kanisa haihitaji kibali cha polisi. Kwa mwaka wa kwanza ningeanza na ibada.

Tarehe naichagua 29 Novemba. Tangu 1977 Umoja wa Mataifa umeitenga kuwa siku ya mshikamano na Wapalestina, kwa kuwa ndiyo tarehe ambayo mwaka 1947 Baraza Kuu lilipitisha mpango wa kuigawa nchi ile. Mwaka huu wa 2026 inaangukia Jumapili, tena Jumapili ya kwanza ya Majilio, kwa hiyo Bethlehemu iko midomoni mwa kila mtu hata bila ninyi kuipeleka. Msiichanganye na Siku ya Quds, Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, iliyoanzishwa Iran mwaka 1979 na yenye siasa zake. Kama hamtaki kusubiri hadi Novemba, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lina juma la maombi kwa ajili ya amani ya Palestina na Israeli kila Septemba.

Katika maombi yenyewe, tajeni watu wote. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas na wenzao waliua watu wapatao 1,200 nchini Israeli na kuteka 251. Kati ya waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania, wanafunzi wa kilimo wa rika lenu, waliokwenda kujifunza kazi. Mwili wa mmoja ulirudishwa mwezi uliofuata, wa mwingine ulikaa Gaza hadi Novemba 2025. Msalie familia zao kwanza, kwa kuwa ni zetu. Kisha msalie Gaza, ambako kufikia Oktoba 2025 Wizara ya Afya ya huko ilikuwa imehesabu waliouawa zaidi ya 67,000. Anayeona kwamba kulitaja moja ni kulifuta jingine bado hajaanza kuomba.

Na msiruhusu neno baya juu ya Wayahudi madhabahuni, hata kwa mzaha, hata kwenye kikundi cha WhatsApp. Sisi Walutheri tuna deni maalumu hapa. Luther mwenyewe mwaka 1543 aliandika kitabu cha kutaka masinagogi yachomwe, na karne nne baadaye Wanazi walikitumia. Fungamano lilijitenga na maandishi hayo waziwazi katika miaka ya 1980. Kwenye WhatsApp hukohuko wekeni kanuni nyingine: picha isiyojulikana imepigwa lini na wapi haisambazwi. Nimeona picha ya Syria ikizungushwa kuwa Gaza, na siku ilipogundulika watu wakakataa hata zile za kweli.

Sadaka msitume kwa namba ya simu ya mtu mliyemwona mtandaoni analia. Ipitie kwa mtunza hazina wa usharika, kwenda dayosisi, kwenda Fungamano, ikiandikwa ni ya Hospitali ya Augusta Victoria. Iko juu ya Mlima wa Mizeituni, Fungamano ndilo mmiliki, nayo ni tegemeo la wagonjwa wa saratani wa Ukingo wa Magharibi na, njia zilipokuwa wazi, wa Gaza. Tiba ya mionzi wengi wao huipata hapo tu, wakipewa kibali cha kuingia Yerusalemu. Jina lake ni la mke wa Kaisari Wilhelm wa Pili, yule yule aliyetawala nchi yetu wakati wa Maji Maji. Majengo ya Wajerumani yalienea pande zote mbili, kwao na kwetu, na leo lile la kwao linatibu saratani. Hata shilingi 80,000 ni salamu.

Kuhusu imamu wa jirani, nendeni kwake kabla ya tarehe, msimshtukize na tangazo. Waislamu wa mtaa wenu wamekuwa wakileta kunuti, yaani dua ya ndani ya swala, kwa ajili ya Gaza muda mrefu, huku ninyi mkinyamaza, na anaweza kuwa na la kuwaambia juu ya ukimya huo. Sikilizeni. Sikushauri ibada ya pamoja kwa mwaka huu, itamwashia mzee moto usio wa lazima. Mwalikeni kwa chai baada ya ibada, kila mmoja akiwa ameomba kwa njia yake, kisha mwandike barua moja yenye saini mbili kwenda Wizara ya Mambo ya Nje. Serikali yetu ina nafasi nzuri ya kusikilizwa: Wapalestina wana ofisi Dar es Salaam tangu 1973, na sisi tuna ubalozi Tel Aviv tangu 2018. Barua iombe vitu vinavyojibika, kama vile Tanzania itapigaje kura Umoja wa Mataifa, na nini kinafanywa juu ya usalama wa wanafunzi wetu wanaopelekwa kule. Barua inayodai "amani duniani" huwekwa faili siku hiyohiyo.

La mwisho ni simu. Ombeni kupitia ofisi ya dayosisi mpate usharika mmoja kati ya zile sita, na Jumapili hiyo, baada ya ibada, mzungumze kwa video dakika kumi. Novemba saa zao, isipokuwa Amman, ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na ibada nyingi huanza kwao saa nne au nne na nusu, kwa hiyo pangeni saa saba mchana yetu, wakiwa wametoka kanisani. Msiwaulize maswali ya siasa. Waulizeni wamekula nini.

Na somo la kwanza siku hiyo liwe 1 Wafalme 21, shamba la mizabibu la Nabothi. Mchungaji Naim Ateek, Mwanglikana aliyefukuzwa pamoja na familia yake kutoka mji wa Beisan mwaka 1948 akiwa na miaka kumi na moja, amelihubiri miaka mingi, na kwetu halihitaji mfasiri, kwani hakuna wilaya isiyo na kesi ya shamba. Ahabu alikuwa mfalme wa Israeli. Nabii aliyetumwa kumkabili alikuwa wa Israeli pia, na hakulaaniwa kwa kusema. Mpeni mzee wenu alisome. Ana sauti nzuri, nina hakika. Wazee wa namna hiyo huwa nayo.